Siku Uliyonipima na Masanja

Mwanangu Skolastika,

Wewe uko chumba cha pili na mama yako, mnabishana kama sweta mbili zinatosha, kwa hiyo salamu za kukuuliza hali naziruka. Hali yako naisikia kupitia ukuta. Ni Jumapili mchana, tumetoka misa, karakana nimeifunga, na nimekaa kwenye benchi la kuchomelea nikiandika barua kwa mtu ambaye ningeweza kumwita tu akaja. Lakini nikikuita utakuja ukicheka, na mimi nikiona unacheka nitaanza kuzungumzia matairi ya basi. Najijua.

Kesho unaondoka kwenda Kigoma, halafu unavuka kuingia Burundi. Ukimaliza huko utahamia Malawi. Mambo ya chandarua, dawa na kutomwamini kila anayekubebea begi, mama yako ameshayasema, tena amerudia. Mimi nina habari moja tu ya kukusimulia. Sehemu yake kubwa unaijua, ila unaijua kutoka upande wako. Kuna kipande cha upande wangu ambacho miaka yote hii nimekikalia kimya.

Unakumbuka likizo ile ukiwa mwaka wa pili chuoni. Ulikuja na daftari la karatasi ngumu, ukasema mmepewa kazi ya kulinganisha uzalishaji wa sehemu mbili zinazotengeneza kitu kimoja. Ukasema utalinganisha karakana yangu hapa Kashaulili na ya Masanja kule Majengo. Sote wawili tulikuwa tunatengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Nilikubali haraka, na wewe ukadhani nimekubali kwa sababu napenda elimu. Nilikubali kwa sababu nilijua nitashinda.

Masanja, wakati anafika Mpanda na familia yake na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, hakuwa fundi. Aliuza ng'ombe akanunua mashine ya kukereza vyuma, watu wakamcheka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nimejifunza kuchomelea kwa mapadri nikiwa bado kijana kule Mpimbwe. Nilikuwa na mafundi wanne na jina. Kila msimu mashine zilizotoka mlangoni kwangu zilikuwa nyingi kuliko zake, na nilikuwa nayasema hayo hata mahali ambapo hakuna aliyeniuliza.

Ukakaa kwangu wiki mbili, ukakaa kwake wiki mbili. Ulipomaliza, jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwetu, watu wamebaki kunywa chai. Wewe hukutaka kusoma. Ulisema, "Baba, hii tuongee kesho, mimi na wewe." Mimi ndiye niliyesema, "Soma hapa hapa, watu wasikie binti yao anasoma nini."

Basi ukasoma. Ukasema mashine zinazotoka kwa baba ni nyingi zaidi. Nikatabasamu, nikamwangalia katibu wa jumuiya. Halafu ukasema kuhesabu mashine zinazotoka hakutoshi, lazima uangalie pia kilichoingia. Ukasema kwangu shafti ya kuzungushia mashine inaingia ikiwa tayari, beringi tayari, ngoma ya kupukuchulia tayari, hata bati limeshakatwa, na kazi yetu ni kuunga na kupaka rangi. Kwa Masanja kinaingia chuma chakavu, inatoka mashine. Kwa hiyo thamani inayoongezwa na mikono ya watu wake ni kubwa kuliko inayoongezwa na mikono ya watu wangu. Ukamalizia kwa kusema kwamba mashine zangu zinarudi kutengenezwa mara nyingi kuliko zake, na kwamba muda wa kutengeneza zilizorudi nao ungehesabiwa, karakana yangu ingeonekana ndogo kuliko inavyosemwa.

 Mama Kizito akaweka kikombe chini polepole kama vile kitavunjika.

Nikakuambia, "Nimekusomesha ili uje kunipima?"

Ulijibu kwa adabu. "Hapana, baba. Nimepima kazi, sijakupima wewe."

"Kazi yangu na mimi ni kitu kimoja," nikasema, nikainuka nikatoka nje, nikawaacha wageni na chai yao. Siku tisa zilizobaki za likizo sikukusemesha zaidi ya marahaba. Siku unarudi chuoni mama yako alikusindikiza stesheni peke yake. Nilikuwa hapa kwenye benchi hili, nasugua kipande cha chuma ambacho hakikuwa na kazi yoyote. Nilisikia treni ikipiga honi, nikaendelea kusugua.

Sasa nakuambia kile ambacho sikukuambia. Sikukasirika kwa sababu ulikosea. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa najua. Zile shafti nilizokuwa nanunua kwa wafanyabiashara zilikuwa laini. Fundi wa siku nyingi anajua chuma kwa sauti yake, na mimi niligonga ya kwanza tu nikasikia. Nilijiambia kwamba mteja atakayetumia mashine taratibu hataona tatizo. Nilijiambia hivyo misimu mitatu. Wewe hukuisikia sauti ya chuma, wewe uliona tu kwenye daftari kwamba mashine zinarudi. Lakini tulikuwa tumefika sehemu moja, na mimi nilikuwa nimetangulia kufika nikanyamaza.

Miezi ikapita. Mama yako alikuwa anaongea na wewe kwenye simu, akimaliza ananiuliza, "Na wewe?" Namwambia nina kazi.

Siku moja, mavuno yamepamba moto, ikaja bodaboda imetapakaa tope mpaka kwenye taa. Nyuma yake alikaa mama mmoja amepakata kitu kimefungwa kwenye kitenge, kirefu. Ni Mama Generoza wa Mwese, ambaye sasa unamfahamu. Alishuka akakifungua mbele yangu.

"Fundi, nimekuletea mtoto wako," akasema. "Amepinda siku ya tatu."

Ilikuwa shafti. Imekunjika katikati kama kijiti cha mhogo.

Nikaanza maneno yangu ya kawaida, kwamba labda waliweka mahindi mabichi, labda mkanda ulikazwa sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kikundi chetu tuko wamama kumi na wawili. Tumelima pamoja, tumenunua mashine yako pamoja. Mahindi yamelala uwanjani, mawingu yanakuja. Wewe niambie tu, nirudi niwaambie nini?"

 Nikampandisha bodaboda, na mimi nikachukua pikipiki nikamfuata. Barabara ya Mwese unaijua. Mara mbili nilishuka nikasukuma. Tulipofika juu nikawakuta wamama wamekaa kwenye turubai wanapukuchua kwa vidole. Mmoja alikuwa amefunga vitambaa kwenye vidole gumba vyote viwili. Mashine yangu ilikuwa pembeni, rangi yake bado inang'aa, jina langu limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa nilizochora mwenyewe.

Skola, nimeshawahi kuona aibu maishani. Ile haikuwa aibu. Ilikuwa kama mtu amenishika kichwa akanigeuza niangalie kitu nilichokuwa nakikwepa. Nikakaa kwenye turubai nikapukuchua pamoja nao mpaka jua likapinda, kwa sababu hilo ndilo tu nililoweza kufanya siku ile. Nilipoinuka, nikawaambia, "Nipeni siku nne." Yule mwenye vitambaa vidoleni akasema, "Nne zako wewe au nne za kalenda?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikashuka mlima.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Majengo.

Masanja alikuwa ameinama kwenye mashine yake. Akaniona, akazima.

"Karibu, Baba Skola. Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuletea hii."

Akaipokea ile shafti, akaigonga kwenye ukingo wa meza, akasikiliza. "Hii umenunua."

"Nimenunua."

"Na ulijua ni laini."

Miaka yote nilijiandaa kujibizana na yule mtu, na nilikuwa na majibu ya kila kitu. Nikasema, "Nilijua."

Hakunicheka. Ningekuwa mimi ningemcheka, na hilo linaniuma mpaka leo. Alinivutia kiti cha mbao, akaniambia habari ambayo sikuwa naijua. "Binti yako alinipima na mimi. Hukusikia? Alisema mafundi wangu watatu wanakaa muda mrefu wananisubiri mimi peke yangu nikereze. Akasema chuma ninakiongezea thamani, lakini muda wa watu ninaumwaga. Nikakasirika, bhabha. Nikakasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamfundisha mmoja wao, Elias, kukereza." Akanionyesha kwa kidevu. Elias alikuwa pale amevaa miwani ya kazi, anakereza ngoma.

Siku mbili, Skola. Mimi nilikuwa mwezi wa tano.

Tukafanya kazi siku tatu pamoja. Yeye na Elias walikereza shafti na ngoma kutoka kwenye ekseli ya lori lililokufa. Mimi nilichomelea fremu, maana kwenye kuchomelea, hata Masanja mwenyewe anakubali, mkono wangu hauna mpinzani hapa mjini. Siku ya nne tukaifunga kwenye pikapu tukapanda nayo Mwese. Tuliwasha asubuhi. Ilinguruma, ikatema magunzi upande mmoja na punje upande mwingine, na haikusimama mpaka uwanja ukawa mweupe. Mvua ilinyesha kesho yake. Mahindi yalikuwa ndani.

Wamama walipiga vigelegele, wakambeba Masanja juu juu na ukubwa wake ule. Mimi Mama Generoza alinishika tu mkono akasema, "Hii sasa unaweza kuiandika jina." Niliinama kama naangalia mkanda. Vumbi la mahindi lilinisaidia, kila mtu alikuwa na machozi.

Nikakupigia nikiwa bado kule kule juu, kwenye kile kilima ambacho mtandao unashika ukisimama upande mmoja. Wewe unakumbuka simu ile, lakini hukujua niko wapi.

"Shikamoo baba." Halafu ukauliza haraka, "Baba, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Niko Mwese. Nilikuwa nataka kukuambia ulisoma kweli siku ile. Na nilikosa, nilivyokujibu mbele za watu, na nilivyokaa kimya baadaye. Nilikosa zaidi kwa kukaa kimya."

Ukasema, "Na mimi ningekuambia faragha kwanza."

"Ulitaka. Mimi ndiye niliyekulazimisha usome."

"Basi sote tumekosa."

"Hapana," nikasema. "Usinisaidie kubeba hili. Ni langu."

Ukaanza kulia, na mimi nikasema chaji inaisha. Haikuwa inaisha.

Tangu pale mambo unayajua. Mimi na Masanja hatukuunganisha karakana, kila mmoja ana mlango wake na kelele zake, ila vyuma vinazunguka. Kinachokerezwa kinakerezwa Majengo, kinachochomelewa kinachomelewa Kashaulili. Mashine zetu sasa ziko Mwese, ziko Mpimbwe kwa wakulima wa mpunga na mahindi ninaotokana nao, ziko kwa Wasukuma wenzake Masanja kule porini ambako hata sijui njia. Ukisikia mngurumo mzito wakati wa mavuno, usiosimama katikati, hiyo ni yetu. Mama yako akipita sokoni watu wanamuulizia mashine badala ya kumuulizia hali.

Lakini hiyo si furaha yangu kubwa. Furaha yangu kubwa ilikuwa Dodoma, na nataka nikusimulie nilivyoiona mimi, maana wewe ulikuwa mbele na hukuniona.

Uliponiambia shahada yako ya pili unalinganisha uzalishaji wa viwanda wa Burundi na wa Malawi, nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilijiuliza kwa nini mtoto mwenye akili achague nchi mbili ambazo viwanda vyake vyote bado vinatambaa. Siku ya kutetea utafiti wako nikaja na treni, nikabadilisha, nikafika nimechoka, nikakaa safu ya nyuma ya ule ukumbi na shati langu la bluu. Ukatoka na suti ya kitenge ya mama yako. Nikaona mikono yako imetulia, nikajua utaweza.

Na yule profesa mnene akakuuliza swali langu lile lile. "Kwa nini ulinganishe wadogo wawili? Tutajifunza nini?"

Ukasema, "Kwa sababu wamezoea kulinganishwa na wakubwa. Ukimlinganisha mdogo na mkubwa, unachoona ni udogo tu. Nikiwaweka wao kwa wao naanza kuona nani anafanya nini vizuri."

Nilijikuta nimekaa wima.

Ukawaonyesha majedwali. Sukari na chai na bia hapa, sukari na tumbaku na unga kule. Ukawaambia fedha za nchi mbili haziwezi kuwekwa kwenye mzani mmoja hivi hivi, wala huwezi kusahau kwamba nchi moja ina watu wengi kuliko nyingine. Nusu ya maneno yalinipita. Halafu profesa akasema, "Kwa kifupi, nani yuko mbele?"

"Kwenye jedwali, Malawi," ukajibu. "Lakini jedwali linahesabu viwanda vyenye geti. Burundi na Malawi zote zimejaa karakana za mlango mmoja ambazo mtu wa takwimu hajawahi kuingia. Mpaka tuingie humo, hatujui nani yuko mbele, tunajua tu nani ana mageti mengi."

Kisha ukawasimulia fundi mmoja wa Mpanda. Hukutaja jina. Ulisimulia kwamba alionekana anazalisha sana kwa kuhesabu mashine, na kidogo kwa kuhesabu thamani, na kwamba alipoambiwa hivyo alibadilisha kazi yake yote, na leo mashine yake inapukuchua mahindi mahali ambapo gari halifiki kirahisi. Hukusema alikasirika miezi mitano. Nilishukuru.

Profesa akauliza, kwa utani, "Na huyu fundi yupo kweli, au ni wa kwenye mfano?"

Ukasema, "Yupo. Amekaa nyuma, mwenye shati la bluu. Ni baba yangu."

Ukumbi mzima ukageuka. Nikasimama, sikujua nifanye nini na mikono yangu, yenye makovu ya cheche mpaka viwikoni, nikaiacha ining'inie tu. Wakapiga makofi. Wasomi wale, wenye tai zao, wakanipigia makofi mimi Kalisti ambaye darasa la saba nilimaliza kwa kubahatisha. Na yule profesa mnene akavua miwani akasema, "Endelea, binti."

Wakakupitisha. Na kutokana na swali lile la mageti ndiyo umepata kazi hii, ya kwenda kuzihesabu zile karakana za mlango mmoja, nchi zote mbili, wewe na wenzako. Barua ilipofika, mama yako aliisoma, akanisomea mimi, kisha akaenda kumsomea Masanja. Masanja amekuja kutuchinjia mbuzi hapa uani. Ndiyo hiyo harufu unayoisikia sasa hivi, majirani wanajifanya wamepita tu.

Sina ushauri mrefu. Utakutana na mafundi wa namna mbili, wale wa siku mbili na wale wa miezi mitano. Usimchukie wa miezi mitano. Mara nyingi ameshausikia mlio wa chuma chake kabla hujafika, na kinachomkera ni kwamba na wewe umesikia. Ukisema kweli, iseme kama ulivyosema sebuleni kwetu, bila kuongeza chumvi na bila kuipunguza. Halafu mpe mtu nafasi ya kwenda nje akasugue chuma chake. Wengine watarudi. Kuna ambao hawatarudi, na hilo halitakuwa kosa lako.

Na ukikosea wewe, maana utakosea, usisubiri kilima chenye mtandao.

Nimeandika kuliko nilivyokusudia, na mama yako ananiita nikaonje supu. Niseme la mwisho. Mahali fulani Gitega, huko Burundi, nyuma ya soko, kuna fundi ana mlango mmoja na bati linalovuja. Anatengeneza kitu, sijui ni nini, sufuria au jembe au mashine ya mihogo, na anakitengeneza vizuri. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuja na daftari kumuuliza anazalisha kiasi gani. Wiki hii inayoanza atainua kichwa aone msichana wa Mpanda amesimama mlangoni.

Mwambie nimemsalimia. Mwambie azime mashine akae, kwa sababu leo na yeye anahesabiwa.

Ni mimi baba yako ninayejivunia wewe,
Kalisti
Kashaulili, Mpanda